TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Ardhi ikitikisika tukiwa kwenye tarawehe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 na robo usiku hivi, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Lilisikika Dar, Unguja, mpaka Mombasa, na watu walitoka mbio majumbani. Hebu iangalieni saa ile. Mwezi kama huu, saa kama ile sisi tumo kwenye tarawehe, safu zimejaa, watoto wako nyuma. Tungefanya nini?

*Kwanza, tujue.* Ardhi ya Afrika Mashariki inaachana polepole kwenye Bonde la Ufa, milimita chache kila mwaka. Miamba inavutana, ikishindwa inakatika, ndipo tunatikiswa. Hiyo ni sababu, na aliyeiweka sababu ni Allah.

*Pili, tuchunge ndimi.* Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko liliua watu zaidi ya 15. Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Basi wewe nani useme wale walikuwa waovu? Msiba wa wenzetu ni mawaidha kwetu, si hukumu juu yao.

*Tatu, tumfunge ngamia ndipo tutawakali.* Tarawehe ni sunna, kuilinda roho ni wajibu. Hata sala ya faradhi inakatwa kuokoa roho. Basi ardhi ikitikisika, imamu akate sala, na tusikimbilie mlangoni sote kwa pamoja, tutakanyagana. Piga magoti pale pale, inama kama unayesujudu, kinga kichwa na shingo kwa mikono. Jiepushe na vioo, feni na kabati la misahafu. Mtikisiko ukisita, tokeni taratibu mpaka uwanjani, mbali na mnara, nguzo za umeme na minazi. Usirudi kufuata viatu, tetemeko huwa na wenziwe.

Na nyinyi wavuvi, na akina mama wa mwani: bamvua mnaijua. Bahari ikikauka ghafla isiyo saa yake, au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu mkiwa pwani, msishuke kuokota samaki. Pandeni mlimani, na msishuke mpaka mtangaziwe kuwa ni salama. Tarehe 26 Disemba 2004 tetemeko lilipiga mbali kabisa, Sumatra, na mawimbi yake yakaua watu mpaka pwani ya Tanzania.

*Kazi ya leo:* kabla ya Isha, tuangalie milango ya msikiti wetu. Kama upo unaotiwa kufuli wakati wa sala, ufunguliwe. Na nyumbani, waonyesheni watoto namna ya kukinga kichwa.

Ya Allah, tuhifadhi sisi na watoto wetu, warehemu waliofukiwa na vifusi, na utujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.

Mtumie na jirani.