Kengele Yalia, Nani Aja?

Mwajua habari ya wale wanne waliomchukua mwenye kupooza huko Kapernaumu, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Godoro lake lilifaa. Lakini godoro halikwenda lenyewe.

Siku hizi vyombo ni vingi. Mwaka 1978 Aina Wifalk wa Uswidi, aliyekuwa amedhoofishwa na polio, alibuni kigari chenye magurudumu, ambacho mzee hukishika na kukisukuma mbele yake atembeapo. Tena tangu mwaka 2018 iko saa ya mkononi ya Apple itambuayo mvaaji wake akianguka vibaya. Asipojongea kwa muda kama wa dakika moja, saa hupiga kengele, kisha yenyewe huwaita waokoaji kwa simu, na kuwapelekea habari wale ambao namba zao zimewekwa humo.

Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Maana mzee aliyevunjika nyonga, akilala sakafuni usiku kucha, aweza kufa kwa kukawiliwa na msaada. Lakini saa haimwinui mtu. Na mahali pasipo gari la wagonjwa, yamlilia nani? Wako watoto walio mbali wanaomnunulia mama chombo hicho, wakadhani kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi wamekwisha kuitimiza.

Basi na iwekwe humo namba ya jirani wa karibu, naye aulizwe kwanza kama yu radhi kuamka usiku, akapewe na ufunguo wa mlango.