Nyati wa Ngurdoto wana faida gani?



Sisi wa Olasiti tunauona Mlima Meru kila siku tukisubiri daladala, lakini wengi wetu tunaishia hapo hapo, kuuona kwa mbali. Juzi vijana wa parokia tulichanga hela, tukaenda kulala usiku mmoja Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ili tutazame ndege.

Alfajiri tulikuwa ziwani. Maji yale ni ya magadi, kwetu hayafai hata kupikia chai. Lakini flamingo walikuwa wameinamisha vichwa humo humo, wanachuja chakula chao kwa midomo. Kumbe maji tuliyoyadharau ni meza ya mwenzetu!

Baadaye askari wa hifadhi alitupeleka ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto. Kule chini nyati walionekana wadogo kama mende. Tukaambiwa wageni hawaruhusiwi kushuka. Unatazama ukiwa juu, basi. Rafiki yangu mmoja akauliza, "Sasa wana faida gani kama hatuwafikii?" Askari akamjibu, "Kaka, wao hata hawajui kama umekuja."

Tulicheka wote, isipokuwa yeye. Tukiwa garini kurudi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tangu nikose kazi, hata mimi nyumbani naulizwa hivyo hivyo. Nina faida gani."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile. Je, thamani ya kiumbe ni faida yake?

Mtu atasema, na ni kweli, hifadhi inaleta wageni, na Arusha nyumba nyingi zinakula kwa utalii. Lakini kumbukeni mwaka 2020, corona ilipozuia safari. Wageni waliadimika. Je, nyati wa Ngurdoto walipungua thamani mwaka ule? Kilichopungua ni mapato tu.

Ayubu alipokuwa amepoteza kila kitu, Mungu alimwonyesha nini? Mvua inayonyesha nyikani pasipo na mtu, na punda mwitu asiyembebea mtu mzigo. Viumbe wasio na kazi yoyote kwetu, na Mungu anawatunza. Papa Francisko naye, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kama sisi hatukitumii.

Jamani, hii siyo ruhusa ya kushinda kijiweni. Hata flamingo anajitafutia chakula. Kazi tuitafute, tena kwa bidii. Ila anayeitafuta tayari ana thamani kabla hajaipata. Ndiyo maana Yesu, akiongea na watu wenye wasiwasi wa kula na kuvaa, aliwaambia kwanza wawatazame ndege, kisha akawakumbusha kwamba wao ni wa thamani zaidi.

Wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye watu wameacha kumjulia hali kwa sababu hana cha kuwapa. Labda ni bibi aliyelala kitandani, labda ni kaka asiye na ajira. Kaa naye. Usimwulize amefikia wapi na maisha. Furahi tu kwamba yupo.

Mimi nimeanza na yule rafiki yangu. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani.

Mungu awabariki.