Mke Anapokesha na Riwaya



Liko lalamiko la waume ambalo si geni: saa tano za usiku zimepita, taa bado inawaka, na mama watoto ameinamia riwaya. Ukimsemesha, anakuambia ungoje amalize sura. Baba, kabla hujakitia kitabu hicho motoni, jiulize kwanza kinamvuta kwa nini.

Nazungumzia riwaya za mapenzi yaliyochanganyika na hofu. Mwandishi huuliza maswali mawili kwa pamoja. Ni nani anayetaka kumdhuru mwanamke huyu? Na mwanamume aliye karibu naye, je, anampenda au anamdanganya? Majibu hufichwa. Sura inaishia mlangoni, mtu akibisha hodi, na msomaji hapati usingizi mpaka ajue ni nani. Mary Higgins Clark, mwandishi Mkatoliki wa Marekani aliyefariki mwaka 2020, aliijua sana kazi hii. Alifiwa na mumewe mwaka 1964 akabaki na watoto watano, akawa anaamka alfajiri kuandika kabla watoto hawajaamka.

Mapenzi na hofu vimo hata katika Biblia. Someni Kitabu cha Tobiti, sura ya 6 hadi ya 8. Sara alikuwa ameozwa mara saba, na waume wote saba walikufa usiku wa arusi. Tobia akamwoa hata hivyo. Usiku ule baba mkwe akachimbisha kaburi, kisha mjakazi akatumwa na taa kwenda kutazama chumbani. Akawakuta wote wawili wamelala salama. Ni nani asiyeshika roho akisoma hayo? Basi, kupenda hadithi ya namna hii si dhambi.

Tutazame sasa riwaya moja mashuhuri, Rebecca, ya Mwingereza Daphne du Maurier, iliyotolewa mwaka 1938. Msichana asiye na mali anaolewa na mgane tajiri. Katika nyumba ile kubwa kila kitu kinamkumbusha marehemu mke wa kwanza. Mume hasemi neno juu yake, naye mke mpya haulizi. Anaamini kwamba mumewe bado anamlilia marehemu. Kumbe sivyo: mume alimchukia. Kurasa nyingi za mateso zinatokana na watu wawili wanaokula meza moja bila kuambiana ukweli.

Hapo ndipo mke wako anaposhikwa, baba. Anangojea ukurasa ambao mume atafungua mdomo. Pengine hata nyumbani kwako anangojea vivyo hivyo. Mshahara umekwenda wapi? Mbona siku hizi umenyamaza? Riwaya inamwahidi kwamba mwishoni atajibiwa.

Lakini akina mama, nanyi sikilizeni. Katika riwaya hiyo mume anakiri kwamba mke wa kwanza alimwua yeye mwenyewe, kwa bastola. Mke mpya anafurahi mno kusikia kwamba marehemu hakupendwa, hata damu iliyomwagika haimshtui inavyopaswa. Msomaji naye hujikuta akimwombea mwuaji asikamatwe. Huo ndio mtego wa vitabu hivi. Vingine hutuzoeza kudhani kwamba ukali wa mwanamume ni upendo uliojificha, na kwamba mwanamke akivumilia, mwisho atauona moyo mwema. Mume anayekupiga si fumbo la kungojea ukurasa wa mwisho. Nenda mahali salama pamoja na watoto, mwambie padre au mtu unayemwamini, na upige ripoti polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya dhuluma za nyumbani inakuruhusu kuiomba mahakama amri ya kukulinda. Ahadi ya ndoa haikumpa mtu ruhusa ya kukuumiza.

Kwa wanandoa wengine wote, nawashauri mambo matatu.

Kwanza, baba, mwombe mkeo akusimulie hadithi anayosoma. Muulize ni mahali gani palipomwogopesha, na kwa nini. Utajifunza mengi juu ya moyo wake.

Pili, mama, mumeo akiwa na neno la kusema, funga kitabu. Kitakungoja mpaka kesho. Wala usimpime kwa wanaume wa riwaya. Hao hawana karo ya kulipa, wala hawarudi nyumbani wamechoka.

Tatu, fanyeni kama Tobia na Sara. Usiku ule wa hatari waliinuka wakasali pamoja, kila mmoja akijua hofu ya mwenzake. Msilale na jambo lililofichwa ambalo linaweza kusemwa leo.

Mungu azibariki ndoa zenu.