Kadi ya Zaka: Ahadi Hii ni ya Nani?



Mwaka unapoanza, mwenyekiti wa jumuiya hupita nyumba kwa nyumba akigawa kadi za zaka. Kadi ina nafasi ya miezi 12, na juu yake pana mahali pa kuandika jina na kiasi mtakachotoa kila mwezi. Mara nyingi anayepatikana nyumbani ni mmoja tu, baba au mama, na huyo hujaza kadi papo hapo kwa kuwa mgeni amesimama mlangoni. Anaandika shilingi 500, pengine 1,000. Mwenzake hupata habari mwezi wa tano, shule zinapofunguliwa na karo haitimii. Hapo ndipo maneno huanza: "Baba watoto, kumbe uliahidi pesa zote hizi bila kuniambia?" Naye hujibu kwamba pesa za Mungu haziulizwi.

Je, ni kweli haziulizwi? Mtu aliyefunga ndoa aweza kumwahidi Mungu kitu ambacho si chake peke yake?

Kwanza, tusiidharau kadi yenyewe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi katika AMECEA mwaka 1973 na tena mwaka 1976, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Walitaka Kanisa linalojihudumia, linalojieneza na linalojitegemea. Sasa kujitegemea hakuletwi na harambee moja kubwa ambayo watu huipigia makofi kisha husahau. Paroko hununua mafuta ya pikipiki kila wiki. Stima hulipwa kila mwezi, na katekista naye ana watoto. Mtume Paulo alilijua jambo hili. Aliwaagiza Wakorintho kila mmoja atenge kitu siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, ili michango isianze kutafutwa siku atakapofika. Kwa maneno mengine, Paulo hakutaka harambee!

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo ni uhuru. Mwezi Novemba mwaka 2024, Rais William Ruto alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la wamisionari la parokia, na shilingi 2,000,000 za kujenga nyumba ya mapadre. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, na ahadi nyingine zilizotolewa siku hiyo hazitapokelewa, kwa kuwa Kanisa halipaswi kutumiwa kwa siasa. Waamini wengi walifurahi. Lakini nyumba ya mapadre bado ilihitaji kujengwa na mtu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme parokia ina jumuiya 40, na kila jumuiya ina nyumba 25. Hizo ni nyumba 1,000. Kila nyumba ikitoa shilingi 200 kwa mwezi bila kukosa, parokia hupata shilingi 200,000. Kwa miezi 13 zinatimia shilingi 2,600,000, yaani kiasi kile kile kilichorudishwa. Mia mbili ya mwezi mzima! Anayelalamika kwamba wanasiasa wamegeuza madhabahu kuwa jukwaa, na kadi yake ina nafasi wazi tangu Februari, ajiulize analalamika kwa haki gani.

Kwa hiyo zaka ni wajibu wa kweli, tena ni mojawapo ya amri za Kanisa. Lakini wajibu huo huwalemea wangapi katika nyumba? Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliosema "korbani", yaani kitu hiki nimekiweka wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Angalieni vizuri: watu hao walimtolea Mungu, na bado walikemewa, kwa sababu walichotoa kilikuwa tayari ni haki ya mtu mwingine. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama mtu aweza kutoa sadaka kutoka katika kile kinachohitajika ili yeye na watoto wake waishi. Alijibu kwamba kwa kawaida si sawa. Alizungumza pia juu ya mke: aweza kutoa sadaka ya kiasi kutoka katika mali yake mwenyewe, na katika ile ya mumewe kwa ridhaa yake, hata kama ridhaa hiyo haikutamkwa.

Mimi naona mafundisho hayo yamfunge mume vilevile. Siku za Thomas, mfuko ulihesabiwa kuwa wa mume. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inawapa mume na mke haki sawa wakati wote wa ndoa, na hata pasipo Katiba, mama anayechuma chai na kuuza sukuma wiki anajua mfuko wa nyumba umejazwa na nani. Kwa hiyo mume anayesimama kanisani kutangaza shilingi 10,000, na nyumbani unga umekwisha, hakutoa cha kwake. Amewatolea watoto wake chakula chao bila kuwauliza. Na tangu simu zianze kutuma pesa mwaka 2007, kutoa kwa siri kumekuwa rahisi zaidi. Hakuna hata mgeni wa kusimama mlangoni.

Mtaniuliza: na mama ambaye mumewe hunywa mshahara wote, akisikia neno zaka hugomba? Huyo simwambii asubiri ruhusa ya mlevi ili amshukuru Mungu. Atoe kidogo katika mapato ya kibanda chake, waziwazi, bila kuchota ya karo. Anayepoteza maelfu kwenye baa bila kumwuliza mtu hana haki ya kudai aulizwe juu ya shilingi 50. Lakini asimfiche. Siri moja ya fedha, hata iwe takatifu namna gani, hufundisha nyumba kuweka siri nyingine.

Kumbukeni Anania na Safira. Hao mume na mke walipatana vizuri kabisa, ila walipatana kudanganya. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na fedha zake pia. Hakuna aliyemlazimisha kutoa zote. Kosa lilikuwa kujionyesha wametoa kuliko walivyotoa. Kadi iliyoandikwa 1,000 kwa kumwonea haya mwenyekiti inafanana na hiyo. Andikeni 100 mtakayoitoa.

Basi mgeni akija na mwenzako hayupo, mpokee, mpe chai, umwambie, "Tuachie kadi, tutaileta Jumapili." Jioni, watoto wakishalala, kaeni na daftari. Andikeni kwanza chakula, kodi, karo, dawa za wazazi. Wenye mshahara waweke kiasi cha kila mwezi. Wenye mahindi wasijidanganye na miezi 12. Waahidi magunia au fedha baada ya mavuno, na jumuiya ikubali.

Viongozi nao wasikilize. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na waamini watolewe hesabu ya mali waliyotoa. Kuuliza hesabu si uasi. Sheria hiyo hiyo yakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Kadi ya zaka si tikiti ya mazishi, na mwenyekiti anayeitumia hivyo arekebishwe.

Na ikiwa mmoja wenu ataachishwa kazi katikati ya mwaka, nendeni wote wawili kwa mwenyekiti mkabadilishe kiasi kwenye kadi, hata kiwe shilingi 20.