Mdomo Uliopinda

Mimi ni mashoto. Utotoni, hapa Sumbawanga, bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili nimege ugali kwa wa kulia. Katekista naye akanikumbusha kwamba siku ya hukumu mbuzi watasimama kushoto. Nikakua nikijiuliza: Mungu akiumba kombo, amekosea?

Kilichonituliza nilikipata ziwani, si kanisani. Ukiteremka kwa njia ya Matai hadi Kasanga unalikuta Ziwa Tanganyika, na humo yumo samaki mdogo, Perissodus microlepis, anayekula magamba ya samaki wenzake walio hai. Huwavizia kwa nyuma, akawabandua ubavuni. Mdomo wake umepinda. Wengine umeelekea kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine kinyume chake. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwa nini hakuna upande unaoshinda: wa kulia wakizidi, mawindo hulinda zaidi ubavu wa kushoto, na wale wachache wa kushoto ndio hushiba. Kisha mambo hugeuka. Idadi huyumba karibu na nusu kwa nusu.



Padri ataniambia samaki hana dhambi wala thawabu. Sawa. Ila Ehudi wa kitabu cha Waamuzi alikuwa mashoto, tena wa kabila la Benyamini, jina lenye maana ya mwana wa mkono wa kuume. Haya nimeyaandika kwa mkono wa kushoto.