Fungu la Waliobaki na Mizigo

Hapa Lanet, Nakuru, mwanajeshi mstaafu huulizwa alipigana wapi. Mimi nilikuwa fundi wa injini katika kambi ya wanamaji ya Mtongwe, Mombasa: kubadilisha vichujio, kufungua pampu, kuagiza vipuri kabla meli haijang'oa nanga. Meli ya mizigo ya jeshi hubeba unga na risasi safari moja. Septemba 2012, wenzetu walipotua vitani Kismayu, Somalia, kutoka baharini, nilibaki gatini na mikono yenye grisi. Je, damu ya kule inanihusu?

Katika 1 Samweli 30, Daudi aliamuru waliobaki na mizigo wagawiwe nyara sawa na waliopigana. Basi hatia nayo tunagawana. Mchungaji asinifariji kwamba nilikaza nati tu. Nilijua meli inakwenda wapi, na nitalijibia hilo mbele za Mungu.