Usiondoke Dirishani na Neno Usilolijua

Simama kituo cha mabasi cha Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi usikilize. "Mwendokasi imejaa!" "Subiri ya Kivukoni!" Muuza vitumbua anasema mwendokasi, fundi anayewahi kibarua Kariakoo anasema mwendokasi, mtoto wa chekechea naye hivyo hivyo. Hakuna anayejiuliza neno limetoka wapi. Limetoka darasani. Kabla mabasi haya hayajaanza kukata Barabara ya Morogoro mwezi Mei 2016, mwendokasi lilikuwa neno la mwalimu wa hisabati: umbali gawanya kwa muda. Leo ni neno la sayansi linalogombaniwa mlangoni kwa viwiko.

Kwa hiyo akija mtu kukwambia msamiati wa sayansi kwa Kiswahili haushiki mtaani, mlete Mapipa.

Sasa toka kituoni, twende dirisha la dawa. Mwaka fulani nilimsindikiza baba yangu kwenye zahanati moja hapa mjini. Tukarudi na karatasi yenye maneno mawili ya Kizungu na vidonge vya aina mbili. Jioni majirani wakaja kumjulia hali. "Wamesemaje, mzee?" Baba akajikuna shingo: "Wamesema ni mambo ya sukari-sukari hivi." Sukari-sukari hivi! Mzee akaacha sukari kwenye chai, akafidia kwa wali, sahani imejaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya tumbo lake kuna kitu kinaitwa kongosho, kwamba kongosho hutengeneza insulini, na kwamba wali nao ukishafika tumboni hugeuka sukari. Dakika tatu za Kiswahili zingetosha. Na mimi niliyemsindikiza, mwenye cheti cha kidato cha nne, nilikaa kimya pembeni kwa sababu nilikuwa nimekaririshwa kongosho kwa jina lake la Kiingereza, nikapata alama, nikasahau.

Ajabu ni kwamba mzee yule yule ukimpeleka buchani alikuwa profesa. Maini haya, figo hizi, bandama ile, pafu, moyo, utumbo. Nusu ya somo la anatomia tunalijua tangu utotoni, tumelinusa kwenye supu. Kilichobaki ni mtu wa kutuambia kwamba bandama tunayoinunua ndiyo hiyo hiyo huvimba kwa mtu anayesumbuliwa na malaria mara kwa mara.

Tuna maneno yanayotufundisha kuliko ya Kizungu. Chukua selimundu. Seli iliyojipinda kama mundu: ukilisikia tu, nusu ya ugonjwa umeshauelewa, kwa nini damu inakwama kwenye mishipa na kwa nini mtoto analia maumivu ya mifupa. Tanzania ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Mama wa Magomeni akilijua neno hili barabara hatamwambia mwanawe kwamba karogwa na shangazi. Au chukua UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, mtaani ugonjwa uliitwa Juliana, ukaitwa silimu. Likaja neno la kutengenezwa, Upungufu wa Kinga Mwilini, na ndani yake somo zima la kinga ya mwili. Bibi asiyejua kusoma analitamka, na akikuelezea utashangaa. Barakoa nayo wanawake wa pwani na Oman waliifahamu zamani. Mwaka 2020, korona ilipoingia, tuliifuta vumbi, ikafanya kazi mpya.

Lakini sitaki kupamba mambo. Neno pekee halitoshi. Watafiti waliokwenda Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi wanalijua vizuri neno degedege ila hawalihusishi na malaria. Kwao lilikuwa jambo la pepo, mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza, hospitali baadaye, na malaria kali ya mtoto haingoji baadaye. Neno lilikuwepo, maana ilikuwa imepotea njia. Ndiyo maana nasema lijue neno, kisha ulipekue mpaka ndani.

Basi tatizo liko wapi? Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule ya msingi. Mtoto wa darasa la saba anakuambia usanisinuru bila kupepesa jicho. Akiingia kidato cha kwanza anaambiwa aliweke neno hilo kapuni. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari, serikali ikakataa. Hata hivyo mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kitabu kipo zaidi ya miaka thelathini. Kijana anayefunzwa kutupa maneno yake akiwa na miaka kumi na nne, ndiye yule yule utakayemkuta na koti jeupe akimwandikia baba yangu maneno mawili ya Kizungu. Simlaumu peke yake. Tumemlea hivyo.

Wajapani walianza na kidogo kuliko sisi. Mwaka 1771 Sugita Genpaku na wenzake walitazama maiti ikipasuliwa, mkononi wana kitabu cha anatomia cha Kidachi wasichoweza kukisoma vizuri. Wakakaa chini, neno kwa neno. Mwaka 1774 tafsiri ikatoka, na neno walilolibuni kwa ajili ya neva, shinkei, Mjapani analitumia hadi leo.

Na hapa kwetu? Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya kudai uhuru ipo hapa hapa Magomeni, mtaa wa Ifunda, siku hizi ni makumbusho. Mtu huyo alikuwa amefundisha biolojia Tabora, na baadaye akamvisha Shakespeare Kiswahili mara mbili, 1963 na 1969. Aliyeweza kumfanya Kaizari aongee Kiswahili, jirani zake watashindwa na kongosho? Tena dunia yenyewe inatuazima. Ugonjwa uliozuka uwanda wa Makonde mwaka 1952 unaitwa chikungunya kila hospitali duniani, kutoka Brazili hadi India. Hilo ni neno la Kimakonde, kitu kinachokukunja. Madaktari wakubwa wanaung'ata ulimi kulitamka jina la Kimakonde, wewe unaona haya kusema bawasiri, tezi dume, mfuko wa uzazi?

Kijana wa sekondari, andika daftari lako safu mbili: la mtihani huku, la Kiswahili huku. Kisha mfundishe mama yako neno moja kila jioni, maana ukiweza kumweleza yeye umeelewa, na ukishindwa umekariri. Daktari, muuguzi, ongeza dakika tatu. Nawe unayepanga foleni kesho, mwenye mtoto mgongoni au mzee mkononi, usiseme "asante" haraka haraka ukageuka. Simama hapo hapo dirishani, nyoosha karatasi, uliza: "Samahani, hiki kwa Kiswahili kinaitwaje, na kinafanya nini mwilini?" Walio nyuma yako wakiguna, waache wagune. Nao wanataka kujua.